Aniceti Kitereza na Tarehe Mbili za Riwaya Moja

Historia ya riwaya ya Kiswahili hupata taabu inapomfikia Aniceti Kitereza. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na kwa kuwa desturi ni kupanga vitabu kwa mwaka wa kuchapishwa, huwekwa jirani na Gamba la Nyoka (1979) ya Euphrase Kezilahabi, Mkerewe mwenziwe aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka hamsini. Ujirani huo unapotosha. Kitereza alikwisha kuiandika hadithi yake kwa Kikerewe mwaka 1945, miaka sita kabla ya Kusadikika ya Shaaban Robert kuchapishwa.

Mwandishi huyu alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, mjukuu wa Omukama Machunda, na sehemu ya utoto wake ilipita katika mazingira ya ikulu. Baadaye alichukuliwa na misheni ya Kikatoliki, akasoma katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ambako alijifunza Kilatini. Wahakiki wengi huyaeleza malezi haya kana kwamba la kwanza ni mwili na la pili ni vazi tu. Maelezo hayo hayatoshi. Hamu yenyewe ya kuhifadhi mila kwa maandishi, tena katika masimulizi marefu kiasi kile, ilitokana na elimu ya misheni. Na Padre Almas Simard ni miongoni mwa waliomhimiza. Mtu asiyepata kuyatazama maisha ya kwao kwa jicho la pili haoni haja ya kueleza pombe ya ndizi hutengenezwaje.

Pombe hiyo ndiyo imewafanya baadhi ya wasomaji waiite kazi hii elimu ya mila iliyovishwa hadithi. Hukumu hiyo ni ya haraka. Bugonoka anatukanwa na ndugu za mumewe kwa kutozaa, naye babake anamrudisha nyumbani. Myombekere akimtaka mkewe sharti apeleke pombe ukweni. Basi kila hatua ya utengenezaji, na kila jirani anayeombwa msaada, ni kipimo cha umbali uliobaki kati ya mume na mke. Ufafanuzi ndio unaobeba taharuki. Ukiuondoa, kinachobaki ni muhtasari.

Hapa pana jambo jingine ambalo uhakiki umelipita kwa wepesi. Kitereza na mkewe, Anna Katura, walizaa watoto wakawazika wote. Kwa mila, mwanamume wa Kikerewe katika hali hiyo angeweza kuoa tena. Kwa ndoa ya Kikatoliki hakuweza. Riwaya imewekwa katika zama za kabla ya ujio wa wageni. Humo hamna padri wala kanisa, lakini Myombekere anashikamana na mke mmoja aliyedhaniwa tasa, dhidi ya shinikizo la ukoo. Si lazima kuisoma kama tawasifu (na usomaji wa namna hiyo umekwisha kuchosha fasihi yetu). Hata hivyo, ni vigumu kusema ni utamaduni upi kati ya ile miwili unaomzuia Myombekere asimwache Bugonoka, na jina la mwana wao, Ntulanalwo, linalotaja kuishi na kifo, halipunguzi ugumu huo.

Muswada wa Kikerewe haukupata mchapishaji. Kwa kuhimizwa na Gerald na Charlotte Hartwig, Kitereza aliutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa amepita umri wa miaka sabini. Kiswahili hicho hakikuwa lugha ya mama wala ya seminari. Kilikuwa lugha ya taifa jipya, na anakiandika huku methali na majina ya Kikerewe yakikivuta. Anayekipima kwa fasaha ya Mvita au Unguja ataona kasoro tele. Atakuwa amepima kisichokusudiwa.

Kitabu kilipigwa chapa China, na mwandishi akafariki mwaka 1981 bila kukishika mkononi. Wilhelm Möhlig alikitafsiri kwa Kijerumani, juzuu mbili, 1991 na 1993, kutoka Kiswahili. Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza mwaka 2002 kutoka Kikerewe. Kwa hiyo Wajerumani wanasoma kazi ya mzee wa miaka ya 1960, na wasomaji wa Kiingereza ile ya 1945.