Anga la Kuazima: Gustave Le Gray na Picha za Bahari, 1856–1857

Gustave Le Gray, Mfaransa aliyesomea uchoraji, alipoanza kupiga picha za bahari katika pwani ya Normandy mwaka 1856, alikabiliwa na tatizo la kemia kabla ya tatizo la sanaa. Kioo kilichopakwa kolodioni kilikuwa kepesi mno kuathiriwa na samawati. Muda uliotosha kuyadhihirisha maji uliliunguza anga, likatoka jeupe tupu. Isitoshe, kioo hicho kilipaswa kupigiwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka, hivyo giza la kusafishia lilihitajika papo hapo ufukweni.

Katika picha kadhaa, ikiwemo ile mashuhuri ya wimbi kubwa la Sète (1857), Le Gray alitumia negativu mbili, ya maji na ya mawingu, akaziunganisha kwenye mstari wa upeo wakati wa kuchapa. Anga moja lilitumika katika picha zaidi ya moja. Anayeuita udanganyifu asisahau kwamba anga jeupe nalo lilikuwa uongo, ingawa wa kemia.

Swali gumu zaidi linahusu picha ya merkebu ya mwaka 1856, iliyopata kuitwa kwa jina la mbalamwezi. Inaaminiwa kuwa hiyo ilitokana na negativu moja tu. Hata hivyo, ilipigwa mchana, kamera ikilielekea jua lililositirika mawinguni, kwani mwanga wa mwezi usingetosha kwa kioo cha wakati huo. Hapo mkono wa fundi haukuongeza kitu. Usiku uliletwa na jina.