Kokoto ama Mchanga

"Unataka kokoto ama mchanga?" fundi wa mjengo wa jirani aliniuliza huku akicheka. Nilikuwa nimeomba ndoo moja tu, tena ya samaki.

Rafiki alikuwa ameniletea fulu watatu kutoka Ziwa Victoria, na tangi halikuwa na kitu chini. Karibu kila picha niliyoona mtandaoni ilikuwa na kokoto za rangi. Nikataka kujua desturi hiyo ilitoka wapi.

Mwaka wa 1850, mkemia wa London, Robert Warington, aliwaeleza wenzake jinsi alivyofuga samaki wa dhahabu wawili pamoja na mimea ya majini. Chini ya tangi aliweka mchanga na matope. Mwaka wa 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, na homa ya matangi ikawashika Waingereza.

Kokoto zilipata umaarufu baadaye, katika karne ya 20, kwa sababu ya chujio linalokaa chini yake. Linavuta maji kupitia katikati ya mawe, na bakteria wanaoishi kwenye mawe hayo hugeuza amonia ya uchafu wa samaki kuwa naitreti, ambayo sumu yake ni ndogo. Mchanga laini ungeziba njia za maji. Kwa hivyo aliyechagua kokoto si samaki, ni mashine.

Na fulu je? Dume huchimba kishimo mchangani. Jike hutaga hapo, kisha huyabeba mayai mdomoni.

Nyanya yangu alikua akila fulu. Mimi nimekua nikila mbuta. Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka ajabu miaka ya 1980, na aina nyingi za fulu zikatoweka. Chache kati ya zilizopotea ziwani bado ziko kwenye matangi ya Ulaya na Marekani. Yaani kuna samaki wetu ambao sakafu ya tangi ndiyo ziwa lao lote.

Nikachukua mchanga. Niliuosha hadi maji yakawa safi, nikauweka unene wa vidole viwili tu, maana ukizidi kina, gesi mbaya hujikusanya chini. Siku ya tatu dume akaanza kuchimba. Nikampigia nyanya simu.

"Wako wangapi?"

"Watatu, nyanya."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, enzi zao fulu walipimwa kwa karai.