Leseni huria za michezo ya mezani: masharti, faida na hatari zake

Leseni huria ya mchezo ni ruhusa ya maandishi ambayo mwenye hakimiliki humpa mtu yeyote kunakili, kubadili na kuuza kanuni za mchezo wake bila kulipa mrabaha, mradi atimize masharti yaliyowekwa. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Dungeons & Dragons, mchezo wa Marekani ambao wachezaji huketi mezani na vitabu, karatasi na dadu. Mmoja husimulia kisa, wengine huigiza wahusika, na dadu huamua nani amefaulu.

Chanzo chake

Mchezo huo ulitolewa mwaka 1974 na kampuni ya TSR. Wizards of the Coast iliinunua TSR mwaka 1997, nayo ikanunuliwa na Hasbro mwaka 1999. Mwaka 2000, pamoja na toleo la tatu la mchezo, Wizards ilitoa Open Game License (OGL).

Aliyeipigania ndani ya kampuni ni Ryan Dancey. Hoja yake ilikuwa ya kiuchumi: thamani ya mchezo huongezeka kadiri wanaoujua wanavyoongezeka. Kampuni ndogo zikichapisha visa vya ziada, wanufaika ni pamoja na muuzaji wa kitabu kikuu cha kanuni.

Masharti ya OGL

OGL iligawa kitabu sehemu mbili. Maudhui huria, hasa kanuni, yaliweza kutumiwa na yeyote. Majina, wahusika na mahali pa kubuni vilibaki mali ya mwenyewe. Mchapishaji alitakiwa kuchapa leseni yote kitabuni, kuorodhesha hakimiliki za waliomtangulia, na kutotumia alama ya biashara ya mwingine bila idhini.

Msambazaji awa mshindani

Mwaka 2008 Wizards ilitoa toleo la nne kwa leseni nyingine yenye masharti makali zaidi. Paizo, iliyokuwa ikichapisha visa vya mchezo huo, ilichukua kanuni za toleo la 3.5 ambazo bado zilikuwa huria, ikazirekebisha, na mwaka 2009 ikatoa mchezo wake, Pathfinder. Yote yalikuwa halali.

Mgogoro wa 2023

Januari 2023 ilivuja rasimu ya OGL mpya. Ilidai asilimia 25 ya mapato yanayozidi dola 750,000 kwa mwaka. Mchapishaji mwenye mauzo ya dola 1,000,000 angelipa dola 62,500, hata kama hakupata faida. Rasimu ilisema pia kuwa leseni ya zamani haitatambuliwa tena.

Tatizo lilikuwa katika maneno. Leseni ya 2000 ilisema ruhusa ni ya daima, lakini haikusema kwamba haiwezi kubatilishwa. Wachapishaji waliojenga biashara juu yake kwa zaidi ya miaka 20 waligundua kuwa msingi wao ungeweza kubishaniwa mahakamani.

Baada ya malalamiko makubwa, tarehe 27 Januari 2023 Wizards iliacha mpango huo na kutoa kanuni za msingi za toleo la tano (SRD 5.1) chini ya Creative Commons CC BY 4.0, ambayo inatamka wazi kuwa haiwezi kubatilishwa. Mwaka huo huo Paizo na wenzake walitoa leseni yao, ORC. SRD 5.2 ilifuata mwaka 2025, nayo kwa CC BY 4.0.

Kwa nini leseni inahitajika

Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ambalo Kenya, Tanzania na Uganda ni wanachama, unasema hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, si wazo wala utaratibu. Hivyo namna ya kurusha dadu haina mwenyewe. Maandishi yanayoieleza ndiyo yenye mwenyewe. Lakini mpaka kati ya hayo mawili huamuliwa na mahakama, na kesi ni ghali. Kinachotolewa na leseni ni uhakika.

Mambo ya kukagua

1. Toleo: ni maandishi yapi hasa yaliyo chini ya leseni?
2. Muda: je, leseni inasema haiwezi kubatilishwa?
3. Biashara: alama NC hukataza matumizi ya kibiashara, ND hukataza kusambaza kazi iliyobadilishwa, tafsiri ikiwemo.
4. Urithishaji: CC BY hudai kumtaja mwenye kazi tu. ORC huzifanya huria pia kanuni mpya utakazoongeza.
5. Alama: Creative Commons haitoi ruhusa ya kutumia alama ya biashara. SRD 5.1 huruhusu kuandika kwamba kitabu kinaendana na toleo la tano, bila kutumia nembo ya mchezo.