Fataki: toka bunduki za Wangwana mpaka usiku wa Bonane

Siku chache mbele ya Bonane, kijana mmoja mkimbizi wa ndani kutoka Masisi alinipigia simu. Nilifikiri ana habari ya barabara ao ya msaada. Kumbe alitaka kujua gundi gani inashika nyota za fataki, zile punje zinazowaka rangi angani, na unga gani unapakwa juu ili zishike moto. Alikuwa ameona video kwenye simu ya mwenzake, na vijana wa kambi walitaka kufurahisha wadogo wao.

Sikumpa kanuni, na hapa pia sitaiandika. Lakini swali lake lilinirudisha kwenye neno lenyewe, maana fataki kwetu haikuanza kama mchezo.

Katika Kiswahili cha misafara, fataki ilikuwa kikofia kidogo cha madini kilichowekwa nyuma ya bunduki ya kushindilia. Unamimina baruti kwa mdomo wa bunduki, unashindilia, unatia risasi, halafu unavalisha fataki. Nyundo ikiipiga, inatoa cheche na baruti inawaka. Aliyefungua njia ya jambo hilo ni mchungaji wa kanisa huko Uskoti, Alexander Forsyth, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1807. Alikuwa mwindaji wa ndege, na bunduki za jiwe la kiberiti zilikuwa zikitoa mwako mbele ya mlio, ndege wanaruka. Basi akatafuta kitu kinachowaka kwa kupigwa tu. Sijui kama alipokuwa akihubiri aliwahi kufikiria ndege wa Kivu!

Wafanyabiashara wa Unguja na Wangwana wao wa Manyema walileta bunduki hizo mpaka Lualaba, kisha watu wao wakapanda mito kuja upande wetu, wakitafuta pembe za tembo na watumwa. Mwenye baruti kavu alikuwa na neno. Katika msitu wa mvua kama wa Walikale, baruti iliyolowa ni matope meusi tu, na bunduki isiyo na fataki ni fimbo.

Hata wakubwa waligombana kwa sababu yake. Mwaka 1887 Tippu Tip alitoka Unguja pamoja na Stanley kwa meli, wakazunguka kusini mwa Afrika mpaka mdomo wa mto Kongo. Tippu Tip aliahidi wapagazi 600 kwa safari ya kumtafuta Emin Pasha. Stanley naye alipaswa kutoa baruti kwa watu hao. Baruti haikufika kama walivyopatana, na wapagazi wakachelewa. Kundi la nyuma la Stanley lilikaa likingoja Yambuya, kwenye mto Aruwimi, na watu wengi wakafia pale kwa njaa na magonjwa. Kila upande ulimlaumu mwenzake.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Walichora eneo kubwa la Afrika, toka nyuzi 20 kaskazini mpaka 22 kusini, na Masisi na Walikale ziko ndani yake. Humo silaha na baruti zilipaswa kuwekwa kwenye ghala la serikali. Kilichoweza kuruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji ni bunduki ya jiwe la kiberiti isiyo na mifuo ndani, pamoja na baruti ya kawaida. Tazameni vizuri: jiwe la kiberiti ndiyo, bunduki ya fataki hapana. Kikofia kidogo kuliko punje ya muhindi kilikuwa mpaka kati ya silaha ya mtu mweusi na ya mzungu. Lakini wahunzi hawakusahau kazi, na mpaka leo wawindaji wanajua pupu.

Sasa nyota alizouliza kijana. Ni vidonge vya kemikali vilivyoshikanishwa na gundi. Wajapani walitumia wanga wa mchele. Kwingine walitumia gundi ya miti kama ile ya Kordofan huko Sudan, ao lakiri inayotokana na wadudu wa India. Kidonge kikikauka kinakuwa kigumu, na kikirushwa kwa kasi upepo unazima moto wake. Ndiyo maana mafundi wanakivisha baruti inayowaka kwa urahisi. Ni kazi ileile ya fataki kwenye bunduki: kitu kidogo cha kuwasha kikubwa.

Zamani nyota zilikuwa na rangi ya moto wa makaa tu. Rangi kali zilikuja katika karne ya 19, baada ya Mfaransa Berthollet kugundua kloreti ya potasiamu miaka ya 1780. Stronti inatoa nyekundu, bari inatoa kijani. Lakini kloreti ikikutana na salfa inaweza kuwaka kwa kusuguliwa tu, hata bila moto. Viwanda vilipoteza wafanyakazi mpaka Uingereza mwaka 1894 ikakataza kuchanganya vitu hivyo viwili katika fataki. Wale walikuwa mafundi, wenye mizani na sheria. Vijana wetu wana sufuria ya mama chini ya sheeting, na kibanda cha jirani kiko hatua mbili.

Nilimweleza haya yote. Alinyamaza, akaniuliza tena: sasa watoto tuwaonyeshe nini? Nikamjibu wapige ngoma, na nikamwomba jambo jingine. Katika kambi yao kuna watu waliokimbia usiku, na mtoto wa miaka mitano hawezi kutofautisha petari na sasi. Anaanguka chini, mama anachukua mtungi na mkeka, na jirani akiona mama anakimbia naye anakimbia.

Usiku wa Bonane simu ya redio ililia mara kumi na mbili kabla ya saa saba. Swali lilikuwa moja: ni petari ao ni masasi? Ilikuwa petari, upande wa mjini. Kwa hiyo mwaka huu, mwenye kuzirusha amwambie kiongozi wa kambi asubuhi, naye atupigie, tutangaze saa na mahali kabla watu hawajalala.