Tathmini ya Kazi katika Utumishi wa Umma

Tathmini ya kazi ni utaratibu wa kupima uzito wa kazi mbalimbali ndani ya taasisi ili kila kazi iwekwe kwenye daraja linaloistahili na ilipwe ipasavyo. Kinachopimwa ni kazi yenyewe. Bidii, uzembe au miaka ya mtumishi kazini haviingii kwenye mizani. Katika utumishi wa umma, tathmini ni nyenzo kuu ya kutekeleza haki ya ujira sawa kwa kazi zenye thamani sawa, hasa kati ya wanawake na wanaume.

Thamani sawa

Haki hii ni pana kuliko ile ya malipo sawa kwa kazi ileile. Wauguzi wawili wa cheo kimoja, mwanamke na mwanamume, hulinganishwa kwa urahisi. Mpishi wa shule na mzoa taka wa manispaa hawafanani kwa mavazi, vifaa wala mahali pa kazi, na mara nyingi wa kwanza ni mwanamke na wa pili ni mwanamume. Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), uliopitishwa mwaka 1951, unataka watu kama hawa nao walinganishwe, na unahimiza kazi zipimwe kwa vigezo visivyo na upendeleo. Kwa mujibu wa mkataba huo, ujira ni mshahara wa msingi pamoja na malipo mengine yote yatokanayo na ajira, ya fedha au ya vitu. Kwa hiyo posho na bakshishi nazo zimo.

Namna inavyofanywa

Njia inayotumika sana ni ya alama. Kwanza huundwa kamati ya wawakilishi wa mwajiri na wa wafanyakazi, wanawake kwa wanaume. Kisha hukusanywa maelezo ya kila kazi kwa dodoso na mahojiano, halafu kazi hupimwa kwa vigezo vinne vikuu: ustadi, wajibu, juhudi na mazingira ya kazi. Kila kigezo hugawanywa katika ngazi zenye alama. Iwapo wajibu umetengewa alama 300 kati ya 1,000 na una ngazi tano zinazopishana sawasawa, kazi iliyofika ngazi ya tatu hupata alama 180. Jumla ya alama ndiyo huamua daraja, na daraja huamua mshahara.

Jimbo la Washington nchini Marekani lilipima kazi za serikali yake kwa njia hii mwaka 1974. Ilibainika kwamba kazi zilizoshikwa zaidi na wanawake zililipwa takriban asilimia 20 pungufu ya kazi za wanaume zenye alama zilezile.

Upendeleo unavyojipenyeza

Mizani yenyewe inaweza kuwa na kasoro. Fomu nyingi za zamani zilihesabu uzito wa gunia linalobebwa mara moja, zikaacha kumhesabu mgonjwa anayegeuzwa kitandani mara 20 kwa zamu. Zilitoa alama kwa grisi na vumbi, zikanyamazia matapishi na mikojo. Zilithamini wajibu wa kutunza mashine kuliko wajibu wa kutunza mtoto wa miaka mitatu. Ustadi wa kumtuliza mgonjwa mwenye hofu ulichukuliwa kuwa ni maumbile ya mwanamke, ilhali ni ujuzi unaopatikana kwa mafunzo na mazoea.

Mfano bora wa kusahihisha kasoro hizo ni mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Huduma ya Taifa ya Afya (NHS) ya Uingereza, unaowahusu watumishi zaidi ya milioni moja. Una vigezo 16, na kimojawapo ni juhudi ya kihisia. Muuguzi anayemweleza mzazi kwamba mtoto wake hatapona hupata alama kwa mzigo huo, jambo ambalo fomu za awali hazikulitambua.

Funzo la halmashauri za Uingereza

Uingereza ilitunga Sheria ya Malipo Sawa mwaka 1970, ikaanza kutumika mwaka 1975. Marekebisho ya mwaka 1983 yaliwapa wanawake nafasi ya kudai kwa msingi wa thamani sawa. Mwaka 1987 kazi za mikono katika serikali za mitaa zilifanyiwa tathmini, na wapishi, wafagizi na wahudumu wa wazee wakajikuta katika madaraja sawa na kazi nyingi za wanaume. Hata hivyo, mishahara mfukoni haikulingana, kwa kuwa wazoa taka, wachimba makaburi na mafundi wa barabara waliendelea kupokea bakshishi ambazo wanawake wengi hawakupewa.

Huko North Yorkshire, halmashauri ilipunguza ujira wa wanawake waliohudumia chakula shuleni ili ishinde zabuni dhidi ya kampuni binafsi, ingawa tathmini ilikuwa imewaweka sawa na wanaume wa kazi nyingine. Mwaka 1995 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho wakati huo, liliwapa wanawake hao haki yao. Ushindani wa soko haukukubaliwa kuwa sababu ya kuwalipa kidogo.

Mwaka 1997 waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuunganisha madaraja yote ya halmashauri kwa tathmini moja. Utekelezaji ulikwenda kwa kusuasua. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliwaruhusu wafanyakazi 174 wa zamani wa jiji la Birmingham, wengi wao wanawake, kufungua madai katika mahakama za kiraia. Katika miaka iliyofuata jiji hilo lililipa takriban pauni bilioni 1.1 kwa madai ya aina hiyo. Septemba 2023 lilitangaza kwamba haliwezi kumudu matumizi yake, na miongoni mwa sababu lilitaja deni jipya la malipo sawa, ambalo kwa makadirio yake ya wakati huo lilikuwa pauni milioni 650 hadi 760. Haki iliyocheleweshwa iligeuka mzigo kwa wakazi wote.

Afrika Mashariki

Kenya iliridhia Mkataba Na. 100 mwaka 2001, Tanzania mwaka 2002 na Uganda mwaka 2005. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ahakikishe ujira sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema vivyo hivyo, na Katiba ya mwaka 2010 iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC). Kufuatia tathmini iliyosimamiwa na tume hiyo, mwaka 2017 walimu walihamishwa kutoka makundi ya G hadi R na kuingizwa katika madaraja ya B5 hadi D5. Walimu wa darasani walilalamika kwamba nyongeza nono zilikwenda kwa walimu wakuu.

Katika utumishi wa umma wa nchi hizi, mwanamke na mwanamume wa daraja moja hulipwa mshahara mmoja wa msingi. Swali lililobaki ni la kati ya daraja na daraja: nani aliamua kwamba kazi ya mhudumu wa wodi au mwalimu wa chekechea iwe chini ya kazi fulani, na kwa vigezo gani? Posho na bakshishi nazo zichunguzwe, kwani bakshishi ndizo zilizoiangusha tathmini ya 1987 kule Uingereza.

Kwa hiyo mtumishi anayeletewa dodoso la tathmini asikubali lijazwe na mkuu wake peke yake. Aandike kila anachokifanya tangu anaporipoti hadi anapotoka: anachobeba, anachosafisha, anayemtuliza na anachowajibika nacho. Kisichoandikwa hakipewi alama, na kisichopewa alama hakilipwi.