Tundu la Chini ya Bwawa: Historia ya Kutoa Maji na Tope

Maji ya bwawa la samaki hutoka kwa njia tatu: kwa kumwagika juu ya ukingo, kwa kuchotwa au kuvutwa na pampu, au kwa kupita katika tundu lililowekwa chini kabisa. Njia ya kwanza huondoa maji ya juu tu, ambayo ndiyo safi na yenye oksijeni zaidi. Ya pili hutaka nguvu za watu, umeme au mafuta. Ya tatu hutumia uzito wa maji yenyewe, na huanza na kile ambacho mfugaji angependa kitoke kwanza: kinyesi cha samaki, mabaki ya chakula na majani yaliyotuama sakafuni. Lakini tundu la chini lina sharti gumu. Huamuliwa kabla bwawa halijajengwa, kwa sababu bomba lake hupita chini ya sakafu au chini ya tuta, mahali ambapo ukishatia maji hapafikiki tena. Kwa hiyo swali la kuliweka au kutoliweka ni la zamani, na majibu yake yamefuata mambo mawili: mteremko wa ardhi na sababu ya mtu kufuga samaki.

Warumi hawakulipa swali hilo uzito mkubwa, kwa kuwa mabwawa yao mashuhuri yalikuwa ufukweni na yalitegemea bahari kubadilisha maji. Columella, mwandishi wa kilimo wa karne ya 1, alieleza katika kitabu cha nane cha kazi yake jinsi ya kuchimba njia za kuingiza na kutoa maji ya bahari, na jinsi ya kuziwekea chekeche za matundu madogo ili samaki wasitoroke. Varro, mwandishi mwingine wa Kirumi, alimtaja Lucullus, tajiri aliyetoboa mlima karibu na Naples ili maji ya bahari yafike katika mabwawa yake. Shabaha ilikuwa maji yapite, si bwawa likauke.

Mambo yalibadilika katika Zama za Kati, katika nchi za ndani za Ulaya, mbali na bahari. Kanisa Katoliki lilikataza nyama katika siku nyingi za mwaka, na samaki wabichi wa baharini hawakuweza kusafiri mbali kabla ya kuoza. Aliyejaza pengo hilo ni karpi, samaki wa maji baridi anayestahimili maji yaliyotulia na yenye oksijeni haba. Watawa na makabaila walijenga tuta la udongo kukinga bonde lenye kijito, na nyuma yake maji yakajaa. Katika bwawa la namna hiyo, nyavu haziwezi kumaliza samaki: karpi hujizika katika tope au hupita chini ya kamba ya wavu. Njia ya hakika ya kuwapata wote ni kuyaondoa maji yote.

Kazi ilianzia kwenye bomba. Gogo la mwaloni lilichimbwa katikati, likalazwa mahali pa chini kabisa pa bonde, kisha likazungushiwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa kwa miguu na kwa michi. Tuta lilipandishwa juu yake baadaye. Mdomo wa ndani uliwekewa kizibo cha mti chenye mpini mrefu uliotokeza juu ya maji, na mtu aliyesimama kwenye jukwaa dogo aliweza kukivuta. Mwaloni uliolowa muda wote hudumu miaka mingi sana; unaolowa na kukauka kwa zamu huoza. Ndiyo maana bomba liliwekwa chini kiasi cha kutowahi kukauka. Mbele ya kizibo palichimbwa shimo pana. Maji yalipopungua, samaki waliyafuata hadi humo, wakachotwa kwa nyavu za mkono na kutiwa katika mapipa ya maji wakiwa hai.

Ufundi huo ulifikia kilele chake kusini mwa Bohemia, katika eneo la Třeboň. Mjenzi wa mabwawa Štěpánek Netolický aliunganisha mabwawa ya huko kwa mfereji wenye urefu wa zaidi ya kilomita 40, uliokamilika mwaka 1520 na kuitwa Zlatá stoka, yaani mfereji wa dhahabu. Jakub Krčín alimfuata, akajenga bwawa la Rožmberk kati ya 1584 na 1590. Eneo lake ni hekta 489, na tuta lake lina urefu wa karibu kilomita 2.4. Hadi leo bwawa hilo hutolewa maji na kuvuliwa mwezi wa Oktoba. Kwa ukubwa huo, kufungua tundu si jambo la saa chache: maji huachiwa taratibu kwa siku nyingi ili yasibomoe kingo za mto ulio chini wala kuwaacha samaki wakihangaika topeni.

Vitabu vilianza kutoka wakati huohuo. Jan Dubravius, askofu wa Olomouc, alichapisha mwaka 1547 kitabu cha Kilatini juu ya mabwawa, na Mwingereza John Taverner alitoa chake mwaka 1600. Taverner alishauri mwenye bwawa aliache likae kavu mwaka mzima kwa zamu. Sababu yake ilikuwa ya kilimo: sakafu inapopigwa na jua, tope huoza na kugeuka rutuba, na maji yakirudi wadudu huzaliana kwa wingi na samaki hunenepa. Huko Bohemia sakafu iliyokaushwa ilipandwa nafaka kabla ya kujazwa tena. Tundu la chini, basi, lilikuwa pia chombo cha kupumzisha ardhi, na bwawa lisilokuwa nalo halikuweza kupumzishwa.

Kizibo cha mti kilikuwa na kasoro moja: kilikuwa wazi au kimefungwa, bila hali ya katikati, na kikinasa topeni chini ya mita tatu za maji kilikuwa balaa. Jibu lilikuwa mnara mdogo wa mbao, baadaye wa matofali au zege, unaosimama mbele ya bomba. Wajerumani, Wacheki na Wafaransa huuita mtawa. Upande wake mmoja umeachwa wazi, na kuta mbili za pembeni zina mifereji mitatu ya wima. Katika mfereji wa kwanza huingizwa chekeche ya kuzuia samaki. Katika wa pili na wa tatu hupangwa mbao moja juu ya nyingine, na nafasi kati ya safu hizo mbili hujazwa udongo wa mfinyanzi. Kimo cha mbao ndicho kimo cha maji. Ubao mmoja ukiondolewa, bwawa hushuka kwa upana wa ubao huo tu. Na safu ya mbele ikiinuliwa na kuachwa nafasi chini, bila udongo kati ya safu hizo, maji yanayotoka huwa ni yale ya sakafuni, yenye baridi na uchafu, ilhali bwawa linabaki limejaa. Hapo ndipo kazi mbili za tundu la chini, kuvuna na kusafisha, zilipoanza kutenganishwa.

Chombo hicho kilikuja Afrika pamoja na vituo vya ufugaji wa samaki vya wakoloni. Kenya ilifanya majaribio ya perege katika mabwawa kuanzia mwaka 1924, na kituo cha Sagana kikaanzishwa mwaka 1948. Tanganyika ilianza Korogwe na Malya mwaka 1949. Katika Kongo ya Wabelgiji, kituo cha Kipopo karibu na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kilikuwa kitovu cha utafiti, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Kongo ilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000. Nchini Rwanda kituo cha Kigembe kilijengwa katika miaka hiyohiyo.

Perege alilifanya tundu la chini kuwa la lazima zaidi kuliko karpi. Samaki huyu huzaa mapema na mara kwa mara, na bwawa lisilokaushwa hujaa vifaranga wanaogombea chakula na kudumaa. Wavu huwakamata wakubwa na kuwaacha wadogo, kwa hiyo kila msimu huanza na umati wa samaki waliokwisha kudumaa. Kukausha sakafu na kuimwagia chokaa huwamaliza, pamoja na kambare waliojificha na konokono wanaoeneza kichocho.

Hata hivyo mtawa wa zege ulikuwa ghali mno kwa mkulima. Vituo vya serikali vilikuwa nao. Mabwawa ya vijijini mara nyingi hayakuwa na tundu lolote, na siku ya kuvuna tuta lilikatwa kwa jembe na kuzibwa upya. Kila mkato ulidhoofisha tuta, kwa kuwa udongo mpya haushikani vizuri na wa zamani. Wengine walitumia mianzi iliyotobolewa vifundo. Plastiki ndiyo iliyoleta nafuu: bomba la PVC hupitishwa chini ya tuta, na mwisho wake hufungwa kiwiko chenye bomba la wima. Likisimama wima, hushika maji kwa kimo chake. Likilazwa kidogo kidogo, bwawa hushuka. Serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wake wa mabwawa mwaka 2009, kila bwawa likiwa na mita za mraba 300 na majimbo ya uchaguzi 140 yakipangiwa mabwawa 200 kila moja, wakulima wa sehemu zenye mteremko waliweza kuweka bomba la namna hiyo. Penye tambarare halikuwa na faida, kwani hapakuwa na mahali pa chini pa kupeleka maji.

Bwawa la bustani lilipitia njia nyingine, na asili yake ya karibu ni Japani. Katika vijiji vya milimani vya Yamakoshi, mkoa wa Niigata, wakulima wa mpunga walifuga karpi weusi kwa kitoweo cha majira ya theluji, na katika karne ya 19 wakaanza kuchagua wale waliotokea na rangi. Maonyesho ya Tokyo ya mwaka 1914 yaliwatangaza samaki hao, koi, nchini kote. Wafugaji wa Niigata huwakuza katika mabwawa ya tope yaliyochongwa milimani kwa ngazi, na huyakausha kabla ya theluji kama Wabohemia wanavyofanya. Mnunuzi wa mjini alitaka jambo tofauti. Koi hutazamwa kutoka juu, kwa hiyo maji yawe angavu. Samaki ni wengi, wanakula sana, na hakuna siku ya mavuno. Bwawa la zege la bustani lilihitaji kutoa uchafu kila saa bila kukauka kamwe.

Hivyo tundu likahamia katikati ya sakafu, nayo sakafu ikapewa mteremko kuelekea kwake kutoka pande zote. Juu yake hukaa kifuniko kama sahani iliyogeuzwa, kilichoinuliwa sentimita chache, ili maji yaingie kwa pembeni yakikokota uchafu na samaki wasimezwe. Bomba, kwa kawaida la milimita 110, hupeleka maji katika tangi ambalo kimo chake ni sawa na cha bwawa. Huko uchafu hutuama, maji hupita katika vichujio, na pampu iliyo mwishoni huyarudisha. Kwa kuwa pampu iko baada ya kichujio, kinyesi hakisagwi na kuyeyuka majini. Ili kutoa tope, bomba la wima lililo ndani ya tangi hung'olewa kwa muda mfupi. Bomba moja la kipimo hicho hupitisha takriban lita 10,000 kwa saa, kwa hiyo bwawa kubwa huhitaji matundu mawili au zaidi, kila moja na bomba lake. Yakiunganishwa, lililo karibu huvuta na la mbali huziba.

Hatari yake ni ileile ya gogo la mwaloni: uvujaji usiofikika. Katika bwawa la turubai la mpira, tundu hukatwa mahali pa chini kabisa, na turubai hubanwa kati ya pete mbili kwa skrubu na gundi. Udongo ukititia chini ya bomba, au skrubu moja ikilegea, bwawa lote hukaushwa ndipo litengenezwe. Mafundi huzungushia tundu na bomba lake zege kabla ya kutandaza turubai ili vishuke pamoja au visishuke kabisa.

Kwa bwawa la bustani, uamuzi hutegemea kazi inayokusudiwa. Bwawa la koi au la samaki wengi wanaolishwa kila siku hulifaidi tundu la chini kuliko kifaa kingine chochote, mradi liwe bado halijajengwa na kuwe na nafasi ya tangi lililozama ardhini. Bwawa dogo la mayungiyungi na samaki wachache halilihitaji: mimea hutumia rutuba ya tope, na mara moja kwa mwaka tope la ziada huvutwa kwa mpira wa maji. Bwawa lililokwisha kujengwa halifai kutobolewa sakafu. Bomba linalopita juu ya ukingo na kushuka hadi chini, likivuta maji kwa kunyonya, hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila kugusa turubai. Na pale maji ya bwawa yanapotumika kumwagilia mboga, tundu la chini huwa na faida ya pili, kwa kuwa tope linalotoka ni mbolea tayari.