Mafuvu Mawili na Nyangumi wa Longman

Katika mwaka wa 1882 fuvu la nyangumi, pamoja na taya lake la chini, liliokotwa ufukoni Mackay, katika jimbo la Queensland, Australia. Halikupata jina ila baada ya miaka 44, pale Heber Longman, mkuu wa Jumba la Makumbusho la Queensland, alipotangaza mwaka 1926 kuwa ni la nyangumi wa aina mpya, mwenye mdomo mrefu uliochongoka. Akamwita Mesoplodon pacificus. Wataalamu wengine hawakuridhika. Waliona kuwa fuvu moja si ushahidi wa kutosha, na kwamba huenda likawa la nyangumi aliyekwisha kujulikana.

Jibu lilitoka pwani ya Afrika. Mwaka 1955, Somalia ya kusini ilipokuwa chini ya udhamini wa Italia, fuvu la pili lilipatikana katika kiwanda cha mbolea. Wavuvi walikuwa wamempata mnyama huyo pwani ya Danane. Mwili wake ukafanywa mbolea, likasalia fuvu. Maria Luigia Azzaroli alilieleza katika maandishi yake ya mwaka 1968, na mwaka uo huo Joseph Moore alimtenga mnyama huyu na jamaa zake, akampa jenasi ya peke yake, Indopacetus.

Hivyo elimu ilikuwa na jina na mafuvu mawili, wala haikujua umbo la mnyama mwenyewe. Wakati huohuo mabaharia katika maji ya joto ya Bahari ya Hindi na Pasifiki walikuwa wakiona makundi ya nyangumi wasio wakubwa sana, wenye paji lililotokeza, ambao hakuna aliyeweza kuwataja kwa yakini. Huku palikuwa na jina lisilo na mnyama. Kule mnyama asiye na jina. Mwaka 1999 Robert Pitman na wenzake walitoa hoja kwamba huenda wawili hao ni mmoja.

Januari 2000 jike mzima, mwenye urefu wa karibu mita 6, alikwama pwani ya Maldives. Merel Dalebout na wenzake walilinganisha chembe zake za urithi na za mafuvu yale ya kale, na mwaka 2003 wakathibitisha hoja hiyo. Uchunguzi wao ulifichua jambo jingine: fuvu lililopatikana Kenya miaka mingi nyuma, na mabaki ya madume wawili wachanga wa Afrika ya Kusini, wa mwaka 1976 na 1992, yalikuwa ya nyangumi huyohuyo. Yalikuwa yamehifadhiwa muda wote, yakingoja kutambuliwa.

Leo yajulikana kuwa makao yake yaenea tangu pwani ya Afrika hadi Hawaii. Mnyama hakuhamia huko baada ya 2003. Ramani ndiyo iliyopanuka. Kwa hiyo neno "adimu" lataka kutumiwa kwa hadhari, kwani mara nyingi lapima uchache wa mashahidi kuliko uchache wa kitu chenyewe. Tena mashahidi wengine hawakuulizwa. Wavuvi wa Danane walimwona mzima, rangi yake na mapezi yake, miaka 45 kabla ya wataalamu. Lakini kilichoandikwa ni habari za fuvu tu.